Kuseti gari: somo la historia kutoka kwenye gemu

Hapa bwenini siku hizi ubishi ni mmoja tu: gari ya rali kwenye gemu isetiwe vipi? Mmoja anasema ishushwe, mwengine anasema inyanyuliwe. Mimi msoma historia nimeona nitie neno, maana ubishi huu ni mkongwe kuliko gemu zenyewe, na jawabu lake lilitafutwa hapa hapa Afrika Mashariki.

Tuanze na gemu. Colin McRae Rally 2.0 ilitoka mwaka 2000, na ndani yake mna njia za Ufaransa, Sweden, Ugiriki, na Kenya pia. Kabla ya kuondoka unabadilisha matairi, springi, breki, gia. Aliyeicheza sana anajua kwamba hakuna seti moja ya njia zote. Lami ya Ufaransa inataka gari iliyokaa chini na springi ngumu, isiyumbe kwenye kona. Ipeleke gari hiyo hiyo Kenya uone: itarukaruka kama mbuzi na tumbo litagonga mawe. Kenya inataka gari iliyonyanyuliwa, springi laini zenye nafasi ya kupanda na kushuka. Lakini ukilainisha mno, gari inalala kwenye kona. Kwa hivyo kuseti ni kutoa hapa ili upate pale.

Sasa, nani aliyegundua kwamba Kenya inataka hivyo? Si waliotengeneza gemu, jamani.

Mbio zenyewe zilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Njia ilifika hata zaidi ya kilomita 5,000: vumbi laini kama unga, mawe, na mvua za masika zinazogeuza udongo mweusi kuwa gundi. Mwaka 1963 ziliondoka gari 84, zikamaliza 7. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na tena zikamaliza 7! Miaka yote miwili ilishinda Peugeot 404. Gari hiyo haikuwa ya kutisha kwa mbio, ila ilikuwa juu, springi zake zilivumilia mashimo, na ilifika. Mwaka 1966 na 1967 pia ilishinda hiyo hiyo, akiiendesha Bert Shankland, mkaazi wa Tanzania yetu.

Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi gari mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Viwanda vya Ulaya vilileta gari mpya na madereva wenye majina, lakini tangu 1953 hadi 1971 hakuna mgeni aliyeshinda. Wa kwanza ni Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972, na gari yake ilikuwa Ford Escort. Kuanzia hapo viwanda vikajifunza: chuma cha kukinga mbele, bati nene chini ya injini, bomba la kuvutia hewa lililopandishwa mpaka juu ili gari ivuke mto bila ya injini kunywa maji. Hata Colin McRae mwenyewe, mwenye gemu, alishinda Safari mara tatu, 1997, 1999 na 2002, kwa gari zilizoandaliwa maalumu kwa njia hizi.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame. Skuli tumezoea historia ya teknolojia inayosema vitu vinatengenezwa Ulaya, vinapakiwa melini, vinashushwa kwetu, basi. Sisi ni wapokeaji. Safari inasema jengine. Gari ilikuja na meli, kweli, lakini namna ya kuifikisha mwisho wa njia ilipatikana kwenye gereji na barabara zetu. Elimu haikuwa ndani ya chuma tu.

Na wala huna haja ya kwenda Nairobi kuyaona haya. Fundi wa hapa Unguja anayeongeza springi kwenye gari ya shamba, kwa kuwa anaijua njia ya mawe na mzigo wa magunia, anafanya kazi ile ile ya kwenye menyu ya gemu. Tofauti ni kwamba yeye hana kitufe cha kuanza upya.

Safari ilitoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021 pale Naivasha. Kenya imo tena kwenye gemu mpya, kama WRC 9 ya 2020. Mwalimu mwenzangu mtarajiwa, ukipangiwa darasa la vijana wasiopenda historia, anza na hili. Waulize kwanza gari isetiwe vipi, kisha waulize nani alijua.

Haya, kesho nina kipindi saa mbili asubuhi. Wenye ubishi leteni. Wasalaam.