Historia Fupi ya Waya wa Spika

Nyimbo zetu tumejifunza kwa njia mbili: kwa mwalimu mazoezini, na kwa kusikiliza nyumbani. Kwanza ilikuwa kaseti, kisha CD, sasa ni simu iliyounganishwa na redio. Lakini siku ya shukrani hakuna anayeutaja waya unaofikisha sauti kwenye spika.

Spika za aina tunayoijua zilielezwa mwaka 1925 na Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani. Mwaka 1958 santuri za stereo zilipoenea madukani, nyumba ilihitaji spika mbili, kila moja upande wake wa chumba. Waya ulitoka wapi? Watu walichukua ule wa taa ya mezani, wenye nyaya mbili zilizoshikana, nao ukatosha. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Noel Lee wa California, mhandisi na mpiga ngoma, alianza kuuza waya mnene wa spika kwa jina la Monster Cable. Tangu hapo waya wa spika umekuwa bidhaa ya pekee, na bei yake imepanda.

Lee hakukosea kuhusu unene. Lakini unene hupatikana pia kwa bei nafuu. Waya wa shaba wa 1.5, ule mafundi hutumia kwa taa za nyumba, una ukinzani wa takriban omu 12 kwa kilomita. Spika ikiwa mita 5 kutoka redio, umeme huenda na kurudi mita 10: hiyo ni omu 0.12 tu, na spika yenyewe ni omu 8. Sikio halitaona tofauti. Umbali ukizidi sana, chukua wa 2.5.

Kinachoharibu sauti ni kugeuza nyaya za spika moja. Hapo moja husukuma huku nyingine ikivuta, na besi hupotea, kama kwaya iliyoachwa na sauti ya nne. Zima redio kwanza, kisha nyekundu iende kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Na waya wa spika usiuchomeke kamwe kwenye soketi ya umeme.

Baada ya jubilii hii tutachanga tena fedha za vyombo. Shilingi tutakayookoa kwenye waya inunue spika bora, au imlipie nauli mwanakwaya anayetoka mbali.