Nafasi baina ya maneno si kitu kitupu

Aghalabu sisi walimu wa lugha husahihisha herufi tukaisahau nafasi iliyo baina ya maneno. Mwanafunzi akiandika 'ili kuwa' badala ya 'ilikuwa', tunasema hilo ni kosa dogo. Dogo kweli? La kwanza laeleza kusudi, la pili wakati uliopita. Herufi ni zile zile. Kilichobadilisha maana ni nafasi.

Nafasi hiyo haikuwapo tangu jadi. Katika enzi za mwisho za Warumi, Kilatini kiliandikwa mfululizo, msomaji akijitenganishia maneno mwenyewe. Kuanzia karne ya 7, watawa wa Ayalandi, ambao kwao Kilatini kilikuwa lugha ya kujifunza, walianza kuyatenga maneno. Nafasi ilikuja kumfaa msomaji.

Tarakilishi nazo zina historia yao. FORTRAN, lugha ya programu iliyotolewa na IBM mwaka wa 1957, ilipuuza nafasi: 'GO TO' na 'GOTO' yalikuwa mamoja. Lugha za baadaye zikakaza kamba. Chukua PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitangaza mwaka wa 1995 kwa kazi ya kuunda kurasa za wavuti. Humo msimbo huchanganyika na maandishi ya ukurasa, na maandishi marefu yanaweza kufungwa kwa neno maalum alilochagua mwandishi. Kwa miaka mingi neno hilo lilitakiwa liwe mwanzoni kabisa mwa mstari. Mwanaprogramu aliyelisogeza ndani kidogo ili kazi yake isomeke vizuri alijikuta pabaya. Mtambo haukulitambua, uliendelea kusoma, kisha ukalalamikia kosa la sintaksia mistari mingi mbele. Maskini alitafuta herufi iliyokosewa, kumbe herufi zote zilikuwa sawa! Sharti hilo lililegezwa katika toleo la 7.3, Desemba 2018.

Hoja yangu ni hii. Binadamu akikutana na 'ili kuwa' pasipofaa, hukisia na kusamehe. Ndiyo maana tumezoea kupuuza. Lakini Kiswahili chetu leo kinasomwa na mitambo pia, na anayetafuta 'ilikuwa' katika hazina ya maandishi anaweza kuikosa sentensi iliyoandikwa 'ili kuwa'. Nafasi ni alama kamili ya uandishi, sawa na nukta na mkato. Basi tuifundishe hivyo, na mwanafunzi akiikosea, tumsahihishe.