Tamegroute: Wino na Udongo

Kijiji hiki cha bonde la mto Draa, kusini mwa Moroko, kiko kilomita 20 hivi kutoka Zagora. Wageni wengi hutupa jicho maktabani kisha hukimbilia vyungu, kana kwamba hapa pana vijiji viwili. Ni kimoja. Katika karne ya 17 Sheikh Muhammad bin Nasir (aliyefariki mwaka 1674) aliikuza zawiya ya hapa, yaani kituo cha Kisufi cha ibada na masomo, hadi ikawa kitovu cha tarika ya Nasiriyya, na misafara ya jangwani ikaleta wanafunzi na vitabu. Mahali panapolaza na kulisha watu wengi hapakosi haja ya bakuli, mitungi na vigae. Ndiyo maana simulizi ya wenyeji, kwamba ni zawiya iliyowaleta wafinyanzi kutoka Fes, inaingia akilini.

Wapo wanaodai rangi ya kijani ya vyungu vya hapa ni kazi mbovu kwa kuwa hailingani. Hoja hiyo inasahau tanuri. Kijani hutokana na shaba iliyomo katika upako, na tanuri la udongo linalochochewa kwa makuti na kuni haligawi moto sawasawa; bakuli moja hutoka kijani kibichi huku na hudhurungi kule. Chungulia ndani uone alama tatu ndogo: hapo palikaa viguu vya udongo vilivyolitenga na bakuli la juu yake. Kiwandani zingefutwa.

Maktaba ya zawiya ina miswada ipatayo 4,000, ikiwemo Kurani iliyoandikwa kwenye ngozi ya swala.