Wheaton: Kutoka Mitambo ya Jenkins hadi Droni za Polisi

Wheaton haina meya wala mipaka ya manispaa. Ni eneo la kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, kaskazini mwa Washington, lililopata jina mwaka 1869 pale mkuu wa posta George Plyer alipoamua kumuenzi Jenerali Frank Wheaton, kamanda aliyepigana kuilinda Washington huko Fort Stevens mwaka 1864. Abiria wa treni za chini ya ardhi wanalijua kwa ngazi za umeme za kituo chake, zenye urefu wa mita 70. Ni wachache wanaojua kwamba hapa, kando ya Georgia Avenue, ndipo ilipokuwa mitambo ya W3XK, kituo cha kwanza cha televisheni kupewa leseni nchini Marekani. Mwanzilishi wake, Charles Francis Jenkins, alianza matangazo ya ratiba tarehe 2 Julai 1928, kwanza kutoka maabara yake mjini Washington, kisha Wheaton. Picha zilikuwa vivuli tu, zimechorwa kwa mistari 48, na mtazamaji alilazimika kuwa fundi ndipo azinase. Kituo kilifungwa mwaka 1932 na Jenkins akafariki miaka miwili baadaye. Hata hivyo, mambo yaliyotokea katika eneo hili dogo tangu wakati huo yanatupa nafasi ya kupima dai linalorudiwa sana siku hizi, kwamba waandishi wa riwaya za kisayansi zenye giza walitabiri maisha yetu ya kamera na simu. Naona dai hilo lina ukweli, ila sifa tunawapa kwa jambo lisilo lao. Vyombo havikuwa utabiri wao. Walichokiona mapema ni mpangilio wa watu kuzunguka vyombo: nani anakaa upande upi wa kioo, na kama anayetazamwa ana njia yoyote ya kujua.

Tuanze na chombo chenyewe. Televisheni ya kizazi cha Jenkins ilitegemea diski inayozunguka mbele ya kitu kinachopigwa picha, na diski nyingine inayozunguka kwa kasi ileile mbele ya mtazamaji. Pande zote mbili zilikuwa na mashine za ukoo mmoja. Hakuna kilichomo ndani ya ufundi huo kinachoamua kwamba mkazi wa nyumbani lazima awe mtazamaji na si mtazamwa. Hilo liliamuliwa na leseni, na biashara, na mazoea. George Orwell aliajiriwa na BBC kati ya 1941 na 1943, na alipochapisha riwaya yake ya Elfu Moja Mia Tisa Themanini na Nne mnamo 1949, televisheni ilikuwa imekwisha kurushwa London tangu 1936. Alichofanya ni kukipa kioo cha sebuleni kazi ya pili, ya kumwangalia aliye mbele yake. Kitisho cha riwaya hiyo hakitoki kwenye wingi wa kutazamwa. Kinatoka kwenye kutokujua: mhusika hana namna ya kutambua ni dakika ipi anatazamwa, basi analazimika kuishi kana kwamba ni kila dakika.

Wala hakuutoa mpangilio huo hewani. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walimfahamu Orwell kupitia Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, na wakazoea kumsoma kama mkosoaji wa Urusi ya Stalin. Husahaulika kwamba kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa afisa wa polisi wa kikoloni huko Burma, wakati huo sehemu ya India ya Waingereza. India hiyo ndiyo iliyoanzisha ofisi ya alama za vidole mjini Calcutta mwaka 1897, ambako maafisa wa Kihindi Azizul Haque na Hem Chandra Bose walisaidia kuunda mfumo wa kuzipanga alama hizo. Nchini Kenya, mbinu ya ukoo huohuo ilishuka kwa mwanamume Mwafrika kwa jina la kipande: sheria ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza, na karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za ajira ikaning'inizwa shingoni ndani ya kikasha cha bati. Polisi alikuwa na haki ya kudai kukiona kipande wakati wowote, na aliyekivaa hakuwa na haki ya kudai lolote kwa polisi. Kwa hiyo, wakosoaji wanaposema kwamba riwaya hizi ni njozi za Wazungu wenye hofu, jibu ni kwamba mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuishi ndani yake kabla hazijaandikwa. Afisa aliyetumika katika dola hiyo alihitaji tu kuwaza itakuwaje ikiwatendea raia wake wa London vile ilivyowatendea watu wa makoloni.

Sasa turudi Wheaton, mwaka 2002. Mwezi Juni ilitoka filamu ya Minority Report ya Steven Spielberg, iliyotokana na hadithi fupi ya Philip K. Dick ya mwaka 1956. Filamu imewekwa Washington ya mwaka 2054, ambako polisi hukamata watu kwa mauaji ambayo bado hawajayatenda, na mashine husoma macho ya kila apitaye. Dick mwenyewe aliishi Washington utotoni, katikati ya miaka ya 1930. Miezi mitatu na ushei baada ya filamu, jioni ya tarehe 2 Oktoba, mwanamume mmoja alipigwa risasi na kufa katika maegesho ya duka la vyakula pale Glenmont, jirani kabisa na Wheaton. Asubuhi iliyofuata wakauawa wengine wanne ndani ya kaunti hiyohiyo. Wadunguaji wawili waliwaua watu kumi na kujeruhi watatu katika muda wa wiki tatu, na eneo zima la mji mkuu likaishi kwa kuinama nyuma ya magari wakati wa kujaza mafuta. Huu ndio wakati ambao hoja ya ufuatiliaji mpana ilipata kila ilichotaka. Jeshi lilitoa ndege zake za upelelezi zenye vihisio vya hali ya juu. Barabara zilifungwa, magari meupe ya mizigo yakasimamishwa na kupekuliwa, simu za wananchi zikamiminika kwa maelfu. Gari lenyewe, Chevrolet Caprice la bluu, lilikuwa likizunguka katikati ya msako, na namba yake iliingizwa kwenye kompyuta za polisi si chini ya mara kumi. Kila mara kompyuta ilijibu kwamba gari halijaibwa, na polisi wakaliachia. Mfumo ulikuwa na macho mengi ila ulikuwa ukitafuta gari jingine, maana mtu fulani aliamini kwamba aliona gari jeupe.

Kilichomaliza msako kilikuja kwa njia nyingine. Usiku wa tarehe 23 Oktoba maelezo ya Caprice na namba yake yakavuma kwenye vyombo vya habari, na saa chache baadaye raia waliokuwa kwenye eneo la kupumzikia madereva karibu na Myersville, mmoja wao dereva wa lori, wakaliona gari na kupiga simu. Kabla ya alfajiri wauaji walikuwa wamekamatwa usingizini. Kwa maneno mengine, wiki tatu taarifa zilipanda kutoka kwa umma kwenda juu, na kesi ikaganda. Usiku mmoja zikashuka kutoka juu kwenda kwa umma, na kesi ikaisha.

Kuna pingamizi hapa, na ni zito. Namba ile ilijulikanaje? Mmoja wa wadunguaji aliwadokeza polisi kwa simu juu ya mauaji ya Montgomery nyingine, ile ya jimbo la Alabama. Huko kulikuwa na alama ya kidole iliyoachwa kwenye kijarida cha silaha, na alama hiyo ikalingana na ya kijana aliyekuwa amechukuliwa alama za vidole na idara ya uhamiaji mwishoni mwa 2001. Yaani kumbukumbu ya serikali, ya aina ileile ya kipande, ndiyo iliyofungua mlango. Kulificha hilo kungekuwa udanganyifu. Lakini tazama kumbukumbu hiyo ilivyotumika. Kulikuwa na kosa lililokwisha kutendeka, ushahidi mmoja, swali moja, na jibu ambalo baadaye lilipimwa mahakamani mbele ya mshtakiwa na wakili wake. Hilo ni tofauti kabisa na kukusanya nyendo za kila mtu kwa matumaini kwamba siku moja swali litapatikana. Polisi wa hadithi ya Dick hawana swali. Wana jibu tangu mwanzo, na hakuna awezaye kulipinga, maana tendo lenyewe halijatokea. Mpaka kati ya njia hizi mbili ndio riwaya zimekuwa zikituonyesha, na ndio unaofutika kwa urahisi zaidi watu wakiwa na hofu. Mwaka huohuo wa 2002 Wizara ya Ulinzi ilikuwa ikijenga mradi ulioongozwa na John Poindexter wa kuchambua rekodi za watu wote, za benki, safari na simu, ili kumnusa gaidi kabla hajatenda. Bunge liliunyima fedha mwaka 2003.

Maryland pia ndiko sheria ilikojikwaa mapema. Katika kesi ya Smith dhidi ya Maryland, iliyotokea Baltimore, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1979 kwamba mtu hana faragha juu ya namba za simu anazopiga, kwa kuwa amekwisha kuzitoa mwenyewe kwa kampuni ya simu. Ilikuwa kesi ya mshukiwa mmoja na simu moja. Miongo mitatu baadaye hukumu hiyohiyo ikawa ngao ya shirika la ujasusi la NSA, lenye makao yake Fort Meade, ndani ya jimbo hilohilo, kukusanya rekodi za simu za Wamarekani kwa jumla, jambo lililofichuliwa na Edward Snowden mwaka 2013. Desemba ya mwaka huo Jaji Richard Leon wa mahakama ya shirikisho mjini Washington, akiupinga mpango huo, aliupima kwa jina la Orwell. Mwaka 2011 Jaji Stephen Breyer naye aliitaja riwaya hiyo katika Mahakama ya Juu, wakati wa kesi ya kifaa cha kufuatilia gari ambacho polisi walikibandika kwenye jipu Maryland na kukiacha siku 28. Wapo wanaoona aibu majaji kuegemea hadithi. Mimi naona waliegemea pazuri, kwa sababu vifungu vya sheria viliandikwa kwa ajili ya tukio moja moja, na riwaya pekee ilikuwa imefanya hesabu ya matukio yote yakiunganishwa.

Hesabu hiyo imetua Wheaton kwa sura mpya. Mwishoni mwa 2023 polisi wa kaunti ya Montgomery walianza kutuma droni kujibu simu za dharura katika maeneo ya biashara ya Silver Spring na Wheaton. Droni huruka kutoka juu ya paa, ikiongozwa na mtu aliye mbali, na mara nyingi hufika kabla ya askari. Faida yake haina ubishi: askari anayejua kwamba mtu ameshika simu na si bastola ana uwezekano mdogo wa kufyatua risasi. Kaunti pia hutangaza safari za droni hizo hadharani, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko droni yenyewe, kwani linavunja ile hali ya kutokujua ambayo Orwell aliiona kuwa kiini cha udhalimu. Linganisha na Baltimore, kilomita zipatazo 50 kutoka hapo, ambako mwaka 2016 ndege ya kampuni binafsi ilizunguka juu ya jiji ikipiga picha kwa niaba ya polisi bila wakazi kuambiwa. Mpango uliporudishwa waziwazi mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Nne iliukataa mwaka uliofuata kwa kura 8 dhidi ya 7. Sababu ilikuwa kwamba picha zilizohifadhiwa na kuunganishwa zilifichua maisha mazima ya watu, hata kama kila picha peke yake ilionyesha nukta tu barabarani. Hukumu hiyo inaifunga Wheaton pia. Droni inayokwenda kwa tukio moja na kurudi iko upande wa halali. Droni ileile, picha zake zikiwekwa na kusukwa pamoja mwaka hadi mwaka, itakuwa imevuka, na mkazi aliye chini hataona tofauti yoyote angani.

Husemwa kwamba asiye na hatia hana la kuogopa. Mwaka 2022 mkazi mmoja wa Maryland alikaa rumande siku tisa baada ya mashine ya kutambua sura kumhusisha na shambulio dhidi ya dereva wa basi, kosa ambalo hakulifanya. Hakuwa na hatia, na hilo halikumsaidia kwa siku zote hizo tisa. Ndipo sheria ya jimbo iliyoanza kutumika Oktoba 2024 ikakataza jibu la mashine hiyo kuwa msingi pekee wa kumtambua mtu. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba Orwell alimwogopa adui asiyestahili: tunaotazamwa leo tumejinunulia simu wenyewe, na watazamaji wakuu ni wafanyabiashara. Hapo Dick na Spielberg walikuwa karibu zaidi, maana katika filamu yao macho yaleyale yanayomsaka mtuhumiwa ndiyo yanayomtangazia bidhaa kwa jina lake. Sheria ya faragha ya Maryland iliyosainiwa mwaka 2024 na kuanza kazi Oktoba 2025 inazikataza kampuni kuuza taarifa nyeti, pamoja na mahali hasa mtu alipo. Vyombo vya serikali vimeachwa nje ya sheria hiyo. Kwa hiyo mkazi wa Wheaton leo ana haki ya kuiuliza kampuni ya programu za simu inajua nini juu yake, lakini akitaka kuwauliza polisi walichonacho kuhusu uso wake, namba ya gari lake au njia aliyopitia, itabidi atafute sheria nyingine.