Arusha Mara Mbili: Mkataba na Mdhamini Wake

Wanaosimulia historia ya Mwalimu Julius Nyerere hukaa sana kwenye ukombozi wa Kusini mwa Afrika na vita vya Kagera. Kazi iliyomshughulisha mzaliwa huyu wa Butiama hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, yaani kuwapatanisha Warundi, hupitiwa haraka. Sisi wa mkoa wa Mara, kuanzia Tarime hadi Kisaka, tuna haki ya kuidai nafasi ya kazi hiyo, kwa sababu inajibu swali zito: msaada wa mataifa ya nje katika mazungumzo ya serikali na waasi unafaa lini? Naamini kipimo chake ni kile kinachofanyika baada ya kalamu kuwekwa chini.

Tuanze na Rwanda. Mazungumzo kati ya serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na waasi wa RPF yalifanyika Arusha kuanzia Julai 1992, Tanzania ikiwa msuluhishi, huku Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani na Marekani zikifuatilia kama waangalizi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 4 Agosti 1993, na kwa maandishi ulikuwa kamili: kugawana madaraka, kuunganisha majeshi, kuwarudisha wakimbizi. Kilichokosekana ni mdhamini. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichoidhinishwa kilikuwa cha watu 2,548 tu, na tarehe 21 Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama likaamua kukipunguza hadi watu 270. Mataifa yaliyoshuhudia mkataba yaliwahamisha raia wao, na Wanyarwanda wakaachiwa karatasi.

Burundi ilipewa subira zaidi. Mwalimu alianzia Mwanza mwaka 1996. Pierre Buyoya alipopindua serikali mwezi Julai mwaka huo, majirani waliiwekea Burundi vikwazo, na mwezi Septemba Buyoya akalirudisha bunge na kuruhusu vyama tena. Mazungumzo ya Arusha yalianza Juni 1998. Mwalimu alipofariki, Nelson Mandela akayapokea, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini Bill Clinton akiwa ukumbini. Mwaka 2001 Afrika Kusini ilipeleka wanajeshi kuwalinda wanasiasa waliorejea kutoka uhamishoni. Mwaka 2003 kikaja kikosi cha Umoja wa Afrika, na mwaka uliofuata cha Umoja wa Mataifa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao zina uzito. Wanasema vikwazo vilimuumiza mkulima kuliko mkubwa wa jeshi. Ni kweli, bei zilipanda na magendo yakanenepa, na kosa hilo lisirudiwe bila kumkinga raia. Wanasema pia kwamba waasi wenye bunduki, CNDD-FDD na FNL, hawakuwemo katika sahihi za mwaka 2000, hivyo Arusha iliwapatanisha wasiopigana. Lakini hapo ndipo thamani ya kuendelea inapoonekana. Wasuluhishi hawakufunga jalada: CNDD-FDD ilikubali kusitisha mapigano Desemba 2002, ikakamilisha makubaliano Dar es Salaam Novemba 2003, na FNL ikafuata hapohapo Dar es Salaam mwaka 2006. Mkataba wenye mapungufu uliokuwa na wadhamini ulidumu kuliko ule wa Rwanda ulioandikwa vizuri ukaachwa yatima.

Ofisi ya kisiasa ya Umoja wa Mataifa mjini Bujumbura ilifungwa mwishoni mwa 2014. Aprili 2015 ukazuka mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza, na usuluhishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukiongozwa na Yoweri Museveni na Benjamin Mkapa, haukuzaa makubaliano. Sisemi kufungwa kwa ofisi hiyo ndiko kulikoleta mgogoro. Nasema kulipunguza macho na mikono wakati ilipohitajika. Leo serikali ya Kongo na waasi wa M23 wanazungumza Doha kwa usuluhishi wa Qatar. Jumuiya yetu, ambayo makao yake makuu yako Arusha hiyohiyo, iwaulize wasuluhishi mapema, kabla ya sherehe ya kusaini: nani atabaki Goma na Bukavu mwaka wa tatu na wa tano, na kwa fedha ya nani?