Shabaha na Bunduki Inayojijaza: Historia ya Ukinzani Mmoja

Katika vikundi vya majadiliano, swali la silaha na mtu haliishi. Wapo makada wanaoshikilia kwamba silaha ndiyo inayoamua, na kwamba mwenye mtambo bora amekwisha kushinda kabla hajapiga. Wapo wengine, na hawa ndio wengi zaidi, wanaojibu haraka haraka kwamba mtu mwenye msimamo ndiye kila kitu na chuma ni chuma tu. Mawazo yote mawili ni ya mkato. Makala haya yanachukua jambo dogo, tena la kiufundi, ambalo historia yake inaweza kuchunguzwa kwa tarehe na kwa vipimo: ni kwa njia gani bunduki ya kijeshi ya nusu-otomatiki, yaani ile inayotoa ganda na kujijaza yenyewe kila kifyatulio kinapovutwa, ilifikishwa kwenye usahihi wa shabaha ambao wapigaji stadi wengi walidhani hautafikiwa?

Kwanza tuelewane juu ya maana. Usahihi si kupiga katikati. Risasi tano zikitua mahali pamoja, hata kama ni pembeni mwa shabaha, bunduki ni sahihi. Kilichobaki ni kurekebisha vilengeo. Risasi tano zikitawanyika, hakuna kilengeo kitakachoziokoa. Wapimaji hutumia dakika ya pembe, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya digrii. Kwa umbali wa mita 100 dakika moja ni kama milimita 29, na kwa mita 300 ni kama milimita 87. Bunduki ya vita inayotawanya risasi kwa dakika tatu au nne hukubalika jeshini. Ya mashindano hutakiwa ikae karibu na dakika moja.

Bunduki ya kukokwa kwa mkono, kama Mauser ya Wajerumani au Lee-Enfield ya Waingereza, ina faida moja kubwa: risasi inapopita mtutuni hakuna kipande kingine kinachotembea. Ile inayojijaza huazima sehemu ya gesi ya baruti; gesi husukuma pistoni, pistoni husukuma komeo nyuma, springi hulirudisha. Vipande hivi vimefungwa kwenye mtutu au vinaugusa, na mtutu hutikisika kila risasi inapopita. Mtikisiko ukiwa ule ule kila mara, risasi hutua pamoja. Lakini mbao ya kitako ikivimba kwa unyevu, au mtutu ukipata moto ukaegemea upande, mtikisiko hubadilika na shabaha hubadilika nao. Anayetafuta usahihi anatafuta kurudia: kila kipande kirudi mahali pake pale pale, risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo ndipo wapiga shabaha wa zamani walipojenga hoja yao, na hoja yenyewe haikuwa ya kijinga.

Mtu aliyeanza kuivunja hoja hiyo alikuwa mfanyakazi wa kiwanda. John Garand alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1888, akaanza kazi katika kiwanda cha nguo akiwa bado mtoto, akawa fundi mitambo. Mwaka 1919 aliajiriwa na kiwanda cha silaha cha serikali ya Marekani mjini Springfield, Massachusetts, na akakaa huko hadi alipostaafu mwaka 1953. Kwa muda wa miaka zaidi ya kumi na tano alichonga, akajaribu, akatupa, akaanza upya. Mwaka 1932, bunduki yake ilipokuwa imekwisha kutengenezwa kwa risasi ndogo ya inchi 0.276, Mkuu wa Majeshi Douglas MacArthur aliamuru irudishwe kwenye risasi kubwa ya inchi 0.30, kwa kuwa maghala yalikuwa yamejaa risasi hizo. Hivyo akiba ya zamani iliamua umbo la mtambo mpya. Januari 1936 bunduki ilipitishwa kwa jina la M1, ikibeba risasi nane.

Inafaa tutue hapa kidogo. Nadharia ya kibepari husema kwamba bila faida binafsi mtu hawezi kubuni kitu chenye thamani. Bunduki ya Garand ilitengenezwa kwa mamilioni, ikawa silaha kuu ya askari wa miguu wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, naye hakulipwa hata senti moja ya hakimiliki juu ya mshahara wake. Muswada wa kumpa dola 100,000 ulipelekwa katika Bunge la nchi yake na haukupita. Wapinzani wa viwanda vya umma wangefaa watafute jibu la mfano huu. Mpaka sasa naona hawautaji.

Wapiga shabaha wa mashindano waliipokea M1 kwa mashaka. Kilengeo cha mbele kilikaa juu ya silinda ya gesi, na silinda ikilegea kilengeo hulegea nayo. Kwa mpigaji wa yadi 600 hiyo ni balaa. Mabishano yalikuwa makali mwaka 1940, na mwishoni mwa mwaka huo Jeshi la Wanamaji wa nchi kavu lilizipambanisha bunduki nne huko San Diego, ikiwemo ile ya zamani ya kukokwa kwa mkono, kabla ya kuikubali M1. Upande wa Urusi ya Kisovieti mambo yalikwenda kinyume. Walikwisha kuifanya bunduki ya Tokarev ya mwaka 1940, SVT, kuwa silaha ya wadunguaji kwa kuifunga darubini, lakini mtawanyiko wake ukawa mkubwa, na mwaka 1942 wakarudi kwenye Mosin ya kukokwa kwa mkono, umbo la tangu 1891. Kurudi nyuma namna hiyo wakati adui yuko Stalingrad kulihitaji ukweli mbele ya vipimo.

Baada ya vita ukinzani ulijitokeza wazi zaidi. Springfield ilikuwa miongoni mwa viwanda vilivyotangulia duniani kutengeneza vipande vinavyobadilishana: kipande chochote kiingie bunduki yoyote. Ili jambo hilo liwezekane lazima kuwe na nafasi ndogo ya kuchezacheza baina ya kipande na kipande, na nafasi hiyo hiyo ndiyo adui wa usahihi. Mafundi wa timu za mashindano walijibu kwa kurudi kwenye kazi ya mikono. Walichukua M1, na baadaye M14 iliyopitishwa mwaka 1957, wakakaza silinda ya gesi, wakalainisha kifyatulio, wakamimina utomvu wenye nyuzi za kioo ndani ya kitako ili chuma kikae kama kimezaliwa humo. Bunduki zilipiga vizuri sana. Lakini kila kitako kilikuwa cha bunduki moja tu, kililiwa polepole kila kilipofunguliwa, na fundi mwenye mkono huo hapatikani kila kambi. Usahihi wa namna hii ni mali ya wachache.

Wakati mafundi wanakaza vitako, wachunguzi walikuwa wakiuliza swali jingine: usahihi wa umbali gani? Taarifa ya Norman Hitchman ya mwaka 1952, iliyoandikwa kwa jeshi la Marekani, ilionyesha kwamba askari wa miguu kwa kawaida hutumia bunduki kwa manufaa ndani ya yadi 300, na kwamba uwezo wa kupata lengo huporomoka mapema kuliko maofisa walivyofikiri. Mafunzo ya kupiga duara jeusi kwa umbali unaojulikana yakaanza kuachwa, ikaja mipango ya shabaha za umbo la mtu zinazochomoza na kuanguka. Mlango wa risasi ndogo aliyoikataa MacArthur ukafunguliwa tena.

Kwa mlango huo iliingia AR-15 ya Eugene Stoner na wenzake wa kampuni ya ArmaLite, iliyouzwa kwa Colt mwaka 1959. Risasi yake ya milimita 5.56 ni nyepesi, na risasi hutulia hewani kwa kuzungushwa na mifuo iliyosokotwa ndani ya mtutu. Msokoto wa kwanza ulizunguka mara moja katika inchi 14. Majaribio katika baridi kali, ambako hewa ni nzito zaidi, yalionyesha risasi ikiyumba, na Julai 1963 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara aliidhinisha msokoto wa inchi 12. Badiliko hilo lilikuwa la haki, kwani lilitokana na vipimo.

Badiliko lililofuata ni habari nyingine. Mwaka 1964 jeshi liliiacha baruti iliyotumika wakati wa kubuni bunduki, likaruhusu baruti ya punje za mviringo ya kampuni ya Olin. Kasi ya risasi mdomoni mwa mtutu ilibaki kama ilivyotakiwa kwenye karatasi. Lakini mtambo wa ndani ulianza kwenda mbio kuliko ulivyokusudiwa, na masizi yakaongezeka. Chumba cha risasi hakikuwa kimepakwa kromi ya kuzuia kutu, na bunduki zilipelekwa Vietnam, nchi ya mvua na matope, bila vifaa vya kutosha vya kusafishia, huku askari wakiwa wameaminishwa kwamba silaha hii haihitaji kusafishwa sana. Maganda yaling'ang'ania ndani. Vijana wa wafanyakazi na wakulima wa Marekani, waliotumwa kupigana vita visivyo vyao, walikufa bunduki zikiwa zimekwama mikononi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza mwaka 1967, na taarifa yake ya Oktoba mwaka huo ilisema mwenendo wa wahusika ulikaribia uzembe wa jinai. Kromi ikapakwa, vifaa vya kusafishia vikagawiwa, mafunzo yakabadilishwa. Waliokuwa wamekufa walibaki wamekufa, na mwaka 1968 kiwanda cha umma cha Springfield kilifungwa.

Dragunov ya Kisovieti, SVD ya mwaka 1963, inatupa mfano usio na kelele nyingi. Mbunifu wake alitoka katika utengenezaji wa bunduki za michezo, na mtutu wake wa kwanza ulikuwa na msokoto wa milimita 320. Mwaka 1975 uliongezwa ukawa milimita 240 ili bunduki iweze kutumia pia risasi za kutoboa chuma na kuchoma. Mdungua akapoteza sehemu ya usahihi wake ili ghala lirahisike. Mtu anaweza kuupinga uamuzi huo au kuutetea, lakini ni uamuzi wa mpango, na hautafutwi ndani ya kidole cha mpigaji.

AR-15, kwa upande wake, ilikuja kuwashangaza waliokuwa wakiidharau. Komeo lake hujifunga moja kwa moja kwenye kipande kilichoshikana na mtutu, na haihitaji mbao yoyote. Mafundi walipouzungushia mtutu bomba la nje ili mkono na mkanda visiuguse, wakatumia mtutu mzito wenye msokoto wa inchi 8 au 7 na risasi nzito zaidi, usahihi ukaja bila utomvu wala mkono wa fundi mmoja adimu. Katika miaka ya 1990 iliiondoa M14 kwenye mistari ya mashindano ya kitaifa ya Camp Perry, Ohio. Ukinzani kati ya uzalishaji mkubwa na usahihi ulikuwa umetatuliwa kwa kubadili muundo.

Kwetu bunduki ya nusu-otomatiki inajulikana na wanamgambo kwa jina la SAR, yaani SKS ya Simonov pamoja na ile iliyotengenezwa China tangu 1956. Hubeba risasi kumi, na mtutu wake wa milimita 520 ni mrefu kuliko wa AK wa milimita 415. Kwa hiyo nafasi kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni ndefu, na kosa dogo la jicho halikui haraka. FRELIMO, waliofunzwa Kongwa na Nachingwea na kuanza vita tarehe 25 Septemba 1964, walikuwa nayo pamoja na silaha nyingine za kila namna. Mbele yao, mikononi mwa askari wa miamvuli wa Ureno, ilikuwapo AR-10, kaka mkubwa wa AR-15, kazi ya Stoner huyo huyo, iliyotengenezwa Uholanzi na kusifiwa sana kwa shabaha. Uholanzi ilipozuia kupeleka nyingine, askari wengi wa miamvuli walipewa G3, iliyotengenezwa Ureno kwenyewe. Wale waliobaki na AR-10 waliendelea kuzipenda, na walikuwa nazo walipopata habari za mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974.