Wazo la 1973, mashine ya 2006

Wasee, tukiona mashine mpya hospitalini tunadhani hata wazo ni jipya. Zii. Cheki hii ya skani ya CT ya nishati mbili.

Tarehe 1 Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza alipigwa skani ya CT katika hospitali ya Atkinson Morley, London. Mashine ilikuwa ya Godfrey Hounsfield, injinia wa EMI, ndiyo, kampuni ileile iliyorekodi Beatles. Walianza na kichwa kwa sababu kichwa kinaweza kutulizwa, na picha moja ilichukua dakika kadhaa.

Mwaka 1973 Hounsfield aliandika hivi: piga sehemu ileile mara mbili, kwa kilovolti 100 halafu 140. Kalsiamu na ayodini zinaweza kutokea nyeupe sawa kwenye picha moja, lakini ukibadilisha nguvu ya miale, kila moja hubadilika kivyake. Hapo unazitofautisha.

Sasa mbona haikushika haraka? Shida moja kubwa ni kwamba tumbo halitulii! Ukipumua ini linasonga, na matumbo yanajisukuma yenyewe. Kabla picha ya pili ipigwe, vitu vishahama, na picha hazilingani. Mwaka wa 2006 ndio Siemens ilileta skana yenye mirija miwili ya eksirei inayozunguka pamoja, picha zote mbili karibu wakati mmoja.

Na hii si mambo ya mapambo. Chukua mtu mwenye mawe kwenye figo. Jiwe la asidi ya yuriki mara nyingi huyeyushwa kwa dawa za kupunguza asidi ya mkojo. La kalsiamu haliyeyuki hivyo. Skani hii humwonyesha daktari ni lipi kabla hajaamua, na kwa mgonjwa hiyo inaweza kuwa tofauti ya kumeza tembe na kuingia theta. Pia uvimbe wa figo: ukinyonya ayodini iliyodungwa mshipani, huo si mfuko wa maji tu.

Mimi nasema hivi: tunamsifu sana mwenye wazo, tunasahau waliokaa miaka 33 wakiboresha mirija na kompyuta. Bila wao, wazo la Hounsfield lingebaki kwa karatasi. Kwa hivyo ukiambiwa kitu chako hakiwezekani, uliza kwanza: ni wazo ndilo bovu, ama ni kifaa hakijafika?